Majuzuu saba

Ilikuwa arobaini ya mama mkubwa, Mikindani. Baada ya isha mikeka ilitandikwa uani, chetezo kikapitishwa, na mwalimu akafungua lile sanduku la mbao ambalo rangi yake ya kijani imebanduka pembeni. Ndani mna msahafu uliogawanywa majuzuu thelathini, kila moja na jalada lake. Sanduku hilo nalijua tangu nina miaka saba. Enzi hizo mwalimu akimaliza kugawa, linabaki tupu, na sisi watoto wa madrasa tunachungulia wawili wawili kwenye juzuu moja, kwa kuwa wasomaji walizidi majuzuu.

Safari hii alizunguka mikeka yote. Wazee wenye pumzi walichukua mawili mawili. Akarudi mahali pake, akakaa. Sandukuni yalikuwa yamebaki saba.

Vijana hawakukosekana. Walikuwepo si chini ya ishirini, wengine kwenye masufuria, wengine nje barazani na mwanga wa simu usoni. Hakuna aliyesogea mkekani. Pilau ilipoiva mwalimu akasema wageni wasikae na njaa. Wakaandaliwa, wakala, wakaaga. Yeye akarudi mkekani, akaivuta taa karibu, akachukua la kwanza kati ya yale saba.

Mimi nilichukua moja. Ulimi wangu umekuwa mzito, na nilipofika mwisho yeye alikuwa ameshamaliza matatu. Alipolifunga la mwisho saa sita ya usiku ilikuwa imepita, na dua ya kufunga hitma, kisomo hicho cha msahafu mzima, iliitikiwa na watu wanne.

Akawa anayarudisha sandukuni moja moja, kwa mpangilio wake. Bila kunitazama akaniuliza:

“Na mimi, mwanangu, nani atanisomea?”

Hilo swali nalala nalo na kuamka nalo. Msimu wa korosho ulikuwa ndio umeanza. Sasa minada inaelekea ukingoni na sijampa jibu.

Jibu la haraka

Usiku ule, njiani kurudi Shangani, Mtwara mjini, jibu nililiona jepesi. Dini inakwisha. Vijana wameacha. Simu imechukua nafasi ya msahafu, na kizazi cha wanangu ndicho kitakachofunga mlango.

Nikaanza kutafuta ushahidi, na ushahidi haukuwa mbali. Sensa ya England na Wales ya 2011 ilikuta watu 59.3 kwa kila mia wakijiita Wakristo. Ile ya 2021 ikakuta 46.2. Waliosema hawana dini wakapanda kutoka 25.2 hadi 37.2. Ni miaka kumi tu. Nilizikazia macho namba hizo kwa sababu ni huko Uingereza walikotoka wamisheni wa UMCA, shirika la Kianglikana, waliofungua kituo Masasi mwaka 1876, wakiwa na watumwa walioachwa huru. Waliotubebea dini kuvuka bahari, leo wajukuu zao wanaishusha begani.

Nikajiambia: wao wametangulia tu. Tutawafuata.

Nilikaa na imani hiyo kama wiki mbili, na ilinihuzunisha kwa namna ambayo sikuitarajia. Sikuwa naomboleza dini kwa jumla. Nilikuwa nauona mkeka mtupu, na mzee mmoja anasoma peke yake.

Kisha nikaanza kukutana na namba zinazopinga. Kituo cha utafiti cha Pew cha Marekani kilitoa makadirio mwaka 2015: wasio na dini wataongezeka idadi, lakini fungu lao duniani litapungua, kutoka 16.4 kwa mia mwaka 2010 hadi 13.2 mwaka 2050. Sababu yenyewe ni ya nyumbani kabisa, ni uzazi. Kwa wastani mwanamke Mwislamu alikadiriwa watoto 3.1, Mkristo 2.7, asiye na dini 1.7. Ukifanya hesabu hiyo kwa vizazi vitatu, unaona ni nyumba gani itajaa.

Nikapumua. Halafu kituo kilekile kikatoa ripoti nyingine mwaka 2025, nikakuta kwamba kati ya 2010 na 2020 wasio na dini walipanda, kutoka 23.3 hadi 24.2 kwa mia. Namba za ripoti hizo mbili hazilinganishwi moja kwa moja, maana njia ya kuwahesabu Wachina ilibadilishwa. Lakini ndani ya ripoti mpya yenyewe mwelekeo ni huo, kupanda, hata kama hao watu huzaa kidogo. Wengi wao hawakuzaliwa bila dini. Wamezaliwa ndani, wakatoka.

Hata wanaoijua kazi hii wamewahi kuteleza. Mwanasosholojia Peter Berger alitabiri mwaka 1968 kwamba karne ya 21 itawakuta waumini wamebaki vikundi vidogo vilivyojibanza. Miaka thelathini baadaye alikiri waziwazi kwamba alikosea. Mtu kukiri vile baada ya kujijengea jina kwa jambo hilohilo, namheshimu.

Hapo nikaacha namba. Nikaenda kuwauliza wenyewe.

Wapwa wawili

Kwa sisi tunaohesabu ukoo kwa upande wa mama, mjomba ana neno katika malezi. Nina wapwa wengi, lakini wawili ndio waliokuwa akilini mwangu, kwa sababu wote wawili walikuwepo usiku ule na hakuna aliyegusa juzuu. Mkubwa ana duka la vifaa vya ujenzi. Mdogo ni fundi umeme, amesoma Dar es Salaam, amerudi. Sitasema zaidi ya hapo.

Nilianza na mkubwa. Nilimkuta anafunga duka aende alasiri.

“Shikamoo mjomba.”

“Marahaba. Nina jambo. Ile arobaini ya bibi yako, mbona hukukaa kusoma?”

Aliweka kufuli chini, akanitazama kwa upole. Akaniambia kwamba bibi yake anamwombea katika kila sijda, na hajaacha hata siku moja tangu amzike. Kaburini ni yeye aliyeshuka mwanandani kumpokea, hilo nililiona kwa macho yangu. “Lakini mkusanyiko wa arobaini, mjomba, hauna dalili. Mtume hakufanya, masahaba hawakufanya. Nikikaa pale naungana na kitu ninachoamini ni bidaa, uzushi katika dini. Nilikaa jikoni kwa heshima yenu.”

Huyu kijana hakosi alfajiri msikitini. Hanywi, hakopeshi kwa riba, na mtoto wake wa miaka minne anasoma Juzuu Amma nusu kwa kichwa.

Nilisimama pale na maelezo yangu yote ya wiki mbili yakadondoka. Huyu nilikuwa nimemweka kwenye hesabu ya walioacha. Kumbe hakukaa mkekani kwa sababu ya kuamini, na imani yenyewe ameisoma, ameichambua, ameichagua mwenyewe kuliko nilivyowahi kufanya mimi.

Mdogo nilimpata siku nyingine, jioni, tumekaa ufukweni Mikindani maji yakiwa yamekupwa, watoto wanaokota kome kwenye matope. Swali lilelile. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema:

“Mjomba, nikisoma nitakuwa naigiza. Nimejaribu. Sisikii kitu.”

“Tangu lini?”

“Tangu kidato cha tano. Usimwambie mama.”

Sikumwambia, na siandiki hapa ili aambiwe. Ukoo wetu una wapwa wa kutosha wasiojulikana nani ni nani. Lakini acha niseme nilichokuja kukijua baadaye kwa mtu mwingine. Pesa ya ng’ombe aliyechinjwa kwenye arobaini, zaidi ya nusu ilitoka kwa huyu. Taa ile aliyosomea mwalimu hadi usiku wa manane, yeye ndiye aliyeivutia waya siku ile mchana. Na alikuwa barazani mpaka dua ya mwisho. Nilidhani ni simu iliyomweka pale.

Basi mkeka ule uliachwa kwa milango miwili, na watokao wakapishana bila kujuana.

Dini ya mababu ina umri gani?

Neno tunalolipenda wenye umri wangu ni hili: dini ya mababu. Tunalitamka kana kwamba imeota hapa pamoja na mibuyu.

Pwani yenyewe, ni kweli, ina historia ndefu. Ibn Battuta aliteremka Kilwa mwaka 1331, akawasifu watu wake kwa uchamungu. Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani uliokuwapo wakati ule bado una kuta na nguzo zake, watalii wanapiga picha ndani, na wenyeji wa kisiwa wanaswali kwenye msikiti mwingine. Jengo limekufa, swala haikufa. Nililiwaza hilo sana.

Lakini ondoka pwani, panda kuelekea Newala, Tandahimba, Masasi, Ruangwa. Wanahistoria wa ukanda huu wanaonyesha kwamba vijiji vingi vya huko viliingia Uislamu kwa wingi baada ya vita vya Majimaji, vya 1905 hadi 1907. Vita na njaa iliyofuata vilivunja mambo mengi, na watu wakatafuta namna mpya ya kuwa watu. Walimu wa tarika, vyama vya kisufi, wakaingia na dhikiri. Mwaka 1908 waraka uliosemekana umetoka Makka ulisomwa misikitini pande za Lindi, ukiwahimiza watu watubu maana kiama kimekaribia, na Wajerumani wakashtuka wakidhani ni uasi mpya. Upande wa pili Wabenediktini, watawa wa Kikatoliki, walifungua kituo Ndanda mwaka 1906, vita havijapoa.

Nilimuuliza mama. Akaniambia bibi yake mzaa mama, kule uwandani, alitoa shahada akiwa tayari ana watoto wawili. Kabla ya hapo alikuwa akipeleka unga wa mtama chini ya mti, akiwaita waliotangulia kwa majina. Na hata baada ya shahada, mama anasema, unga uliendelea kwenda, kimyakimya, mwaka ukiwa mbaya.

Hesabu mwenyewe. Bibi yake mama. Kutoka kwake hadi kwa binti yangu ni vizazi vitano, na “dini ya mababu” imeanza kwake, kwa uamuzi wa mwanamke mzima aliyeacha ya mababu zake.

Sijui mama yake alisemaje siku ile. Inawezekana kabisa alikaa chini ya ule mti akajiuliza: na mimi, nani ataniita kwa jina?

Kilichopigwa marufuku na kilichoachwa

Kuna mwaka mmoja nimeugeuza sana kichwani, 1967. Mwaka huo Albania ilijitangaza kuwa nchi isiyo na Mungu, ikafunga misikiti na makanisa yote. Mwaka huohuo huku kwetu, mwaka wa Azimio la Arusha, sensa iliuliza watu dini zao kwa mara ya mwisho. Hadi leo haiulizwi tena. Sensa ya 2022 ilituhesabu 61,741,120, na hakuna karani aliyemwuliza mtu anaswali wapi. Katiba yetu inaiacha kazi ya kueneza dini iwe huru na hiari ya mtu, na inaziweka shughuli za jumuiya za dini nje ya shughuli za mamlaka ya nchi, basi.

Albania ilipolegeza kamba mwishoni mwa mwaka 1990, watu walijaa kwenye ibada siku za mwanzo. Zaidi ya miaka ishirini ya dola zima haikutosha kuimaliza dini. England hakuna polisi aliyefunga kanisa, na ndani ya miaka kumi wameondoka watu wengi kiasi kile.

Ndiyo maana simwogopi sana anayeipinga dini kwa sauti. Anayepinga bado ameshika ncha ya kamba. Ninachokiogopa ni kile kilichonipata mimi: juzuu kuwa zito mdomoni kwa sababu ya miaka kumi na tano ya “nitasoma kesho”. Mimi siye mkubwa, siye mdogo. Naamini, na sijamfundisha binti yangu hata Alhamdu kwa mdomo wangu. Nimelipa ada ya madrasa, nikahesabu nimemaliza.

Kuandika sentensi hiyo kumenichukua siku tatu.

Hesabu ya mpwa mkubwa, hesabu ya mpwa mdogo

Ukiniuliza leo ni nani atakayebaki, nitakujibu kwa hao wawili, kwa kuwa ndio ninaowajua.

Mkubwa ana watoto watatu na hajafika miaka thelathini. Mdogo hana, na amesema akioa huenda akazaa mmoja. Kwa hesabu ya vichwa, mkubwa ameshinda. Pew wangesema hivyohivyo, na ramani yao inaelekea huku: mwaka 2010 Wakristo 24.8 kwa mia walikuwa Afrika kusini mwa Sahara, mwaka 2020 wakawa 30.7. Waislamu nao wanaongezeka kuliko wote. Kwa miaka thelathini, arobaini ijayo, sioni namna ya dunia kuwa na dini pungufu kuliko ilivyo, na sehemu kubwa ya sababu ni sisi.

Lakini uzazi nao unashuka. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mwanamke wa Tanzania alikuwa akizaa zaidi ya watoto sita kwa wastani. Utafiti wa 2022 umekuta 4.8. Wajukuu wa mpwa wangu mkubwa watakuwa na ndugu wachache, na simu nyingi.

Kuna jambo jingine linanisumbua zaidi ya uzazi. Mpwa mkubwa amechagua. Alikaa na vitabu, na darsa za simuni, akapima, akaacha maulidi na hitma tuliyokulia. Nguvu ya imani yake iko katika kule kuchagua. Je, mtoto wake wa miaka minne, atakayekuta dini imekwisha kupimwa na kufungashwa, ataipata nguvu ileile? Au naye atataka kuchagua chake? Baba aliyemwacha mjomba wake mkekani kwa hoja amemfundisha mtoto, pamoja na Juzuu Amma, kwamba mkubwa anaweza kuachwa kwa hoja.

Rafiki yangu wa Masasi, Mwanglikana, nilipomweleza haya alinikumbusha Askofu Vincent Lucas. Huyu aliwekwa kuwa askofu wa kwanza wa Masasi mwaka 1926. Wamisheni wengine walitaka jando lipigwe vita. Lucas aliona kijana asipopita jandoni hahesabiwi mtu, kanisa litabaki na watu wasio na ukoo. Akaliingiza jando ndani ya kanisa, likiwa na sala na baraka za padri. Walimsema sana, na yako mambo katika mpango ule yanayostahili kusemwa. Ila aliona kitu. Imani ilishika kusini huku pale ilipoingia mahali ambapo mtoto alikuwa anafanywa mtu na watu wazima waliomzunguka usiku kucha, kwa nyimbo na kwa chakula.

Sasa jando kwa wengi ni siku moja ya hospitali wakati wa likizo, na dini kwa wengi ni sauti kwenye spika za masikioni. Mpwa mkubwa ameipata imani yake humo. Mdogo ameipoteza yake humohumo. Mtu yuko peke yake, sikio lake na simu yake, na anaamua. Nadhani hilo ndilo linaloshinda kwa sasa, kule kuamua peke yako, na dini na kutokuwa na dini vyote vinakua ndani yake. Kinachokwisha ni mkeka.

Na mkeka ndio niliokuwa naulilia tangu mwanzo.

Sanduku

Wiki iliyopita mwalimu aliniita. Paa lake linavuja, na mvua zimekaribia. Akaniomba nilihifadhi sanduku mpaka atakapoezeka upya. Nilimwambia nitaleta bati. Akasema bati zije, lakini sanduku liende leo.

Habari zilisambaa haraka. Mpwa mkubwa alinipigia simu: kama mwalimu ameachia sanduku, analiomba kwa ajili ya watoto wake na wa majirani. Anataka kufungua darasa baada ya maghribi, majuzuu hayo yatawafaa kuliko misahafu mizima. “Ila si kwa hitma, mjomba,” akaongeza. Nilimjibu kuwa sanduku si langu kutoa.

Mpwa mdogo alikuja mwenyewe. Aliona majalada yaliyokatika, akaenda kununua gundi na kitambaa, akakaa sebuleni kwangu Jumapili nzima anayashona na kuyabandika. Kabla ya kuanza alitia udhu. Sikumuuliza kwa nini, naye hakusema.

Binti yangu alikuwa pembeni yake akimpa mkasi. Ana miaka tisa. Alipokuwa anayapanga yaliyokauka alianza kuhesabu kwa sauti, akafika ishirini na tisa, akasimama. Akahesabu tena. Ishirini na tisa. Linalokosekana ni la kumi na saba.

Tumepekua sanduku, tumepekua chini ya kochi, tumempigia mwalimu. Anasema usiku ule wa arobaini lilikuwepo, lilikuwa moja kati ya yale saba, na anakumbuka ni mimi niliyelisoma.

Jumamosi nakwenda Mikindani kuikunjua mikeka. Binti amesema lazima aende.